Mabirika Mawili

Corrado alipofariki, wiki moja baada ya Pasaka, aliniachia nyumba yetu ya mtaa wa Findon, mizabibu mitatu nyuma ya banda, na tangi la samaki lenye urefu wa kitanda. Nyumba nilikuwa naijua. Mizabibu tulipanda pamoja. Lakini lile tangi sikuwahi kuligusa, zaidi ya kufuta kioo kwa nje wageni wakija.

Ndani ya tangi kuna tumbawe la kijani ambalo wafugaji wa matumbawe hapa Adelaide wanaliita Corrado, kwa jina la mume wangu. Alilileta nyumbani miaka kumi na moja iliyopita likiwa kipande kama ukucha, akaligandisha kwenye jiwe, nalo likakua mpaka likawa kama kofia. Chama chao kina desturi: tumbawe zuri halikai kwa mtu mmoja. Unavunja vipande unawapa wenzako, ili lako likifa uende kuomba mbegu kwao. Corrado alitoa vipande sita. Kisha kikaja kile kiangazi ambacho umeme ulikatika siku mbili, vipande vyote sita vikafa kwa joto katika nyumba za watu. Letu lilipona kwa kuwa Corrado alishinda akilipoza kwa chupa za barafu, hata chakula nilimlisha akiwa amesimama.

Kwa hiyo mwezi wa sita, tumbawe lilipoanza kupauka na kuota mwani wa kahawia kwenye shina, haikuwa habari ya mjane na samaki wake tu. Lilikuwa limebaki hilo moja.

Keith Hallam, mwenyekiti wa chama, alikuja na ndara zake, baridi ile, akachuchumaa mbele ya kioo. Si mtu mbaya. Aliniambia kwa upole kwamba tumbawe la mwisho likiugua, mwenyekiti hulichukua kwake. Angenipa mpaka Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Likiwa bado hivi, atakuja na ndoo. Shemeji yangu Ilario, mdogo wake Corrado, alikuwa amesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa kana kwamba tumbawe ni la kwake.

Nilimkaribisha Keith kahawa, akanywa, akaenda. Lakini usiniulize nilivyojisikia. Nguo zake Corrado nilikuwa nimeshawapa maskini wa parokia. Hicho ndicho kitu chake kilichokuwa bado kinapumua.

Sasa, mimi shule niliishia darasa la tano, kule Molfetta nilikozaliwa. Sayansi siijui. Ila nina macho, na nina birika.

Kila Jumamosi nachemsha siki kwenye birika kuondoa chokaa. Hapa kwetu kila mama anafanya hivyo, maana maji ya bomba ni mazuri kunywa lakini yanaacha ukoko mweupe kama ganda la yai. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nakwangua, huku natazama tangi, nikakumbuka kwamba kila siku namimina humo mtungi mzima wa maji ya bomba kufidia yaliyokauka. Corrado naye alikuwa akifanya vivyo hivyo, na matone yake ya dawa ya kuua klorini, kama Keith alivyowafundisha wote. Mkono wangu ukasimama. Maji yanapanda hewani. Yaliyomo ndani ya maji hayapandi. Lile tangi lilikuwa birika ambalo halijakwanguliwa kwa miaka kumi na moja.

Nilimpigia simu Dot, bibi mmoja wa chama ambaye ulimi wake hauna breki. Alicheka mpaka akakohoa.

"Dada Nunzia, hilo wengi tunalijua," alisema. "Tatizo ukilisema ukumbini mwa chama Keith anazira mpaka Krismasi."

Jioni hiyo aliniletea mashine yake ya zamani: mirija mitatu minene ya plastiki inayofungwa kwenye bomba. Maji yanapita humo kwa shida na kutoka tone kwa tone, bila chokaa, bila chochote. Alinipa na kipimo kama kalamu, cha kuhesabu vitu vilivyoyeyuka majini. Nilikitumbukiza kwenye maji ya bomba, kikasoma mia tatu na themanini. Kwenye maji ya mashine, sifuri. Alinieleza kwamba vile vitu vidogo vya bombani ndivyo chakula cha mwani, na vikilundikana tumbawe linasongwa.

Lakini mashine ile ina aibu yake. Kupata ndoo moja safi, inamwaga ndoo tatu. Na sisi ni watu wa nchi yenye ukame. Hapa watu wanaoga wamesimama kwenye beseni ili maji yaende kwenye nyanya. Ilario alipoingia jikoni akasikia maji yanamiminika kwenye sinki, alishika kiuno.

"Shemeji, Jumapili unaomba mvua kanisani, Jumatatu unamwaga maji nyumbani. Mungu akusikilize lini?"

Ndipo akaniambia nitumie maji ya mvua. Kila nyumba ya kwetu ina tangi la mvua pembeni, na hakuna mtu atakayekubali kwamba kuna maji duniani yanayoshinda ya kwake. Ilario zaidi, kwa sababu bomba la kutoka kwenye tangi letu walilifunga wao wawili, yeye na Corrado, shaba tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, wakalichomea wenyewe. Alilipigapiga kama mtu anayesifu farasi. Nikapima: kumi na nane tu. Karibu safi, na hakuna tone linalopotea.

Nakiri nilishawishika. Nilishachota mtungi. Lakini mimi mchuzi siupakui kabla ya kuuonja. Nilichukua ndoo mbili, moja maji ya mvua, moja maji ya mashine, nikachanganya chumvi ya bahari kwa kipimo kilekile, nikatia konokono watatu wa tangini kila ndoo. Siku ya pili asubuhi, wa mashine walikuwa wanapanda kuta za ndoo. Wa mvua wote watatu walikuwa wamelala chali chini.

"Labda walikuwa wazee," alisema Ilario.

"Wote watatu, siku moja, ndoo moja?"

Dot ndiye aliyesema ni shaba. Mtu hadhuriki kwa shaba kidogo hivyo, lakini viumbe laini wa baharini inawaua. Ilario alitoka nje akalitazama lile bomba lake muda mrefu. Aliporudi, siku ya Alhamisi, alikuwa amebeba pipa la bluu begani. Alifunga mpira kutoka kwenye mashine hadi kwenye pipa, na maji yote ya kumwagwa yakawa ya kufulia, ya kupigia deki na ya kumwagilia maharagwe yangu. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba mpira ule ulikuwa unakaa bure kwake.

Basi nikaanza. Mashine inatoa kikombe kimoja kwa kila tendo la rozari, yaani Salamu Maria kumi, nimeihesabu. Nilikaa pale jikoni nikisali, nikichota, nikisali. Jumanne na Ijumaa nilitoa ndoo moja ya maji ya zamani nikatia ndoo moja ya mapya. Mwezi wa saba ubavu mmoja wa tumbawe ukageuka mweupe pee, na Keith alipopita alisema kwa sauti ya msibani kwamba afadhali angelichukua mapema. Ilario akaniuliza kama sioni. Nilikuwa naona. Lakini niliona pia kwamba mwani kwenye kioo, niliozoea kuufuta kila siku, sasa naufuta kila siku ya nne. Sikuomba muujiza. Niliomba nisikurupuke.

Na nilifanya jambo moja zaidi, ambalo sikumwambia mtu. Nilinunua birika la pili, sawasawa na la kwanza. Moja nikachemshia maji ya bomba, jingine maji ya mashine, na siki nikaiweka kabatini.

Agosti, siku ya Kupalizwa Bikira Maria, nilitoka Misa nikapitia tangini kabla ya kuvua koti. Kwenye ncha za tumbawe kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya maziwa, kama ukucha unapoota. Nikavaa miwani. Nyuma ya mstari kulikuwa na ukijani, ule wenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha Corrado na koti langu nikalia, kilio cha kwanza tangu mazishi ambacho hakikuniuma.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba Keith alikuja na ndoo yake yenye kifuniko. Dot alimfuata bila kualikwa, na Ilario alikuwa amevaa shati la Jumapili. Keith alichuchumaa. Alikaa hivyo mpaka magoti yakalia. Ule ubavu mweupe ulikuwa umefunikwa upya, na ncha zote zilikuwa zimechipua.

"Umelipatia nini?" akauliza.

Niliweka mabirika mawili mezani, nikafungua vifuniko. La kwanza lilikuwa jeupe ndani kama pango. La pili lilimwonyesha uso wake. Alitia kidole katika lile la kwanza, akakwangua, akatazama ukucha.

"Hiyo ni chokaa ya bomba ya majira ya baridi moja tu, Keith," nikamwambia. "Tangi lako lina miaka mingapi?"

"Thelathini," alisema.

Dot alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga, na ninavyomjua, ilimgharimu.

Nilichukua koleo la Corrado, nikanawa mikono, nikavunja vipande saba mwenyewe. Cha kwanza nilikiweka kwenye ndoo ya Keith, ile aliyokuja nayo kulichukua lote. Nikamwambia kipande hiki hakionji bomba. Akiishiwa maji, mlango uko wazi. Ukumbini mwezi uliofuata, alisimama mbele ya watu wote akasema maneno mawili magumu, kwamba alikosea, na kwamba mwalimu wake ni Nunzia Spadavecchia. Hakuzira.

Mashine aliyoiagiza haijafika bado. Kwa hiyo kila Jumanne anakuja na dumu, anavua ndara mlangoni kwa sababu Ilario anamkagua, na anakaa jikoni kwangu, yeye asiyejua hata ishara ya msalaba, akisubiri kimya rozari baada ya rozari mpaka dumu lijae. Juzi nilikohoa katikati ya Salamu Maria, na ni yeye aliyeimalizia.