Uso Ulioinama

Jumanne asubuhi Odilia alikuwa akikagua zipu za jinzi, ghorofa ya pili ya soko la jumla la Guangyuan Xilu, polisi wa Kichina walipopanda ngazi na kipimapembe cha kupimia mwinamo wa nyuso. Ilikuwa Julai 2009, na pasipoti hawakuzisoma tena. Tangu Mei vichwa vya wageni vilikuwa vimegeuka vya sungura: mwenye viza hai alipata cha sungura wa kufugwa, aliyeishiwa viza akapata cha sungura wa porini. Wauza kofia walishatoboa matundu ya masikio.

Viza ya Derick, mdogo wake, ilikwisha wiki tatu zilizopita. Akikamatwa ni rumande, kisha ndege ya kurudishwa kwao, jinzi zibaki bila mwenyewe.

"Dada, nijifiche nyuma ya robota?"

"Na masikio hayo utayaweka wapi? Tulia."

Odilia alikuwa na stashahada ya mifugo, na chuoni aliwahi kushika mafuvu ya ukoo wa sungura. Anayechimba shimo, kama wa kufugwa, uso wake umenyooka. Anayeishi kwa kukimbia, kama wa porini, uso umeinama, aione njia. Ila mwinamo huo hupimwa kutoka mfupa wa kisogo. Polisi aliyeshika kipimapembe alipima kutoka sakafuni.

Alipofika, Derick akainamisha kichwa kwa adabu, kama mama yao alivyowafunza kuwaamkia wakubwa.

"Inua kidevu," Odilia akasema kwa Kihaya, macho kwenye zipu.

"Mbele ya polisi? Ataniona nina kiburi."

"Inua, mjinga wewe! Tazama feni."

Derick akatazama feni. Polisi akaweka kipimapembe, akasoma, akaandika: wa kufugwa. Akapita.

Odilia akaiachia zipu. Akaketi juu ya robota, akacheka hadi machozi yakalowesha manyoya ya mashavu. Derick naye akacheka, meno ya mbele yote nje.

Kibanda cha pili, Kimani wa Nakuru alikuwa ameshika pasipoti yenye viza ya mwaka mzima. Kimani ni mtu wa heshima zake. Akainama vizuri kabisa kusalimia.

"Mzee, inua—" Odilia alianza, lakini kipimapembe kilikuwa kimeshasomwa: wa porini.

Wakamshusha ngazi, pasipoti ingali wazi mkononi. Odilia akafuta uso, akarudi kwenye zipu.

"Kesho wanarudi," akamwambia Derick. "Leo ulale chali, kidevu juu, uizoeze shingo."