Mguu Sikuuinua

Siku Ransom Peery alipokuja kutuaga, nilikuwa nimeshamkasirikia tangu asubuhi. Mwanamume mzima, mjane mwenzangu, tumepiga muziki pamoja kila Jumamosi alasiri kwenye baraza la duka la Hobert tangu nywele zake zingali nyeusi, halafu habari ya kuhamia Ohio naipata kwa muuza mayai! Eti anakwenda kuishi kwa bintiye. Akafanye nini huko? Akakae dirishani kuhesabu magari?

Nilimpenda. Nasema wazi, umri wangu si wa kuona haya. Lakini hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia, tukazeeka hivyo hivyo, kila mtu na kimya chake.

Bintiye, Charlene, alibaki garini, injini inanguruma. Ransom akapanda ngazi za baraza na banjo yake mkononi.

"Wimbo mmoja tu, Delphia," akasema. "Ukiisha naondoka. Charlene hapendi kuendesha gizani."

"Nani kakushika? Kaa upige."

Leotis, mpiga gitaa wetu, akanitazama huku akikuna kidevu. Huyu alizaliwa kambi ya wachimba makaa ya mawe, na bluzi, ule muziki wao wa huzuni, ataitia ndani ya kila kitu, hata tenzi za kanisani. Macho yake nayo huona mengi kuliko inavyofaa. Hobert akalikumbatia besi lake, fidla kubwa kama mtu mzima.

Kwetu anayeanzisha wimbo ndiye anayeumaliza. Unazunguka, kila mmoja anapewa nafasi ya kutamba, unarudi tena, mpaka kiongozi ainue mguu. Hapo kila mtu anajua ni mzunguko wa mwisho. Kuacha kupiga kabla mguu haujainuka ni utovu wa adabu, afadhali uteme mate kanisani. Na Ransom ni mtu wa adabu mpaka anaudhi.

Nikashika fidla, nikaanzisha "Nyuki wa Shangazi".

Sikuwa nimepanga lolote, naapa. Banjo ya Ransom ikatiririka kwa vidole vitatu, mbio mbio. Leotis akauvuta wimbo kwenye bluzi mpaka ukalia, nami nikaurudisha kizamani, vile bibi yangu alivyokuwa akiupiga. Wakati wa kuinua mguu ukafika. Nikauacha chini.

Tukazunguka tena. Na tena. Hobert akaanza kuvuja jasho. Mkewe, Icie, akaziacha pai zake za tufaha akaja kucheza, visigino vinagonga mbao, wateja wakamfuata, baraza zima likatikisika.

"Delphia!" Ransom akapaza sauti. "Mguu una nini?"

"Umekufa ganzi!"

"Na huo mwingine?"

"Unamwonea huruma mwenzake!"

Leotis akacheka mpaka akakosea nyuzi. "Mzee Ransom, ina maana huelewi? Hata kipofu angeshaona!"

Ransom akawa mwekundu mpaka masikioni.

Honi ikalia barabarani. Ikalia tena. Mwishowe Charlene akaja mwenyewe, mikono kiunoni.

"Baba, twende!"

"Siwezi, mwanangu. Hajainua mguu."

"Si uache tu kupiga?"

Baraza zima likaguna. Maskini, amekaa mjini mno.

Lakini nilipomtazama usoni nikaona msichana aliyechoka, aliyemtaka baba yake karibu, kama mimi tu nilivyomtaka. Mkono ulikuwa unaniwaka moto. Na mapenzi hayalazimishwi, hata kwa fidla.

"Ransom!" nikasema, tena kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Sitaki uende. Sitaki kabisa. Haya, nimesema!"

Nikainua mguu. Machozi yalikuwa yananitoka, sikujali.

Tukapiga mzunguko wa mwisho, tukamaliza pamoja, Hobert akajibwaga kitini. Ila banjo haikunyamaza. Ransom alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vinakimbia, anaanza "Nyuki wa Shangazi" upya, peke yake. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuuvuka mguu wa kiongozi!

"Baba!" Charlene akang'aka.

"Kazime gari, mama," akamwambia, macho hayabanduki kwangu. "Huu naongoza mimi, na magoti yangu unajua yalivyo."

Nikajifuta uso kwa mkono wa blauzi, nikamfuata.