Bwana Harusi wa Karakana ya Makochi

Kwenye karakana ya makochi walimwita Bwana Harusi, na kila asubuhi, kabla hata hajashika nyundo, walimdai habari za nyumbani. Ndoa ilikuwa bado mbichi, na kijana mwenyewe ulimi wake haukujua kushindwa. Alisimulia huku akivuta kitambaa juu ya sponji na kupigilia misumari, wenzake wakacheka, hadi fundi rangi, mkubwa wao kwa umri, akaomba apunguziwe kwa sababu moyo wake hauna breki.

Yote yalikuwa uongo. Nyumbani mwili ulikataa. Mara ya kwanza ulikuwa uchovu tu, ungepita. Mara ya pili alipanda kitandani akijipeleleza, na anayejipeleleza hapati raha. Tangu hapo, kila alipomgusa mkewe, aliona kama karakana nzima imesimama mlangoni ikingoja matokeo. Akanywa mizizi, akalamba unga wa kila rangi. Kilichoamka ni tumbo tu, likamwendesha.

Mkewe hakuuliza. Alimwona mume anayechelewa kurudi na kugeukia ukutani, akajijibu mwenyewe: kuna mwanamke mwingine. Akampigia simu shangazi yake aje Jumapili waondoke wote.

Kijana aliposikia hayo, alikwenda zahanati. Daktari, mama wa makamo, alimpima, kisha akauliza kama alfajiri huamka mwili wake umesimama. Alikubali huku akitazama sakafu.

"Basi bomba ni zima, mwanangu. Hofu ndiyo inayofunga koki. Wewe huendi kwa mkeo, unakwenda kwenye mtihani."

Alimwambia vijana wengi humjia na shida hiyo hiyo, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kwa muda wasijaribu tendo lenyewe. Wapapasane, wazungumze, basi. Na mkewe aambiwe ukweli. Hapo ndipo dawa ilipokuwa chungu.

Jumapili mkewe alikuwa akikunja nguo. Kijana akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mke wangu, sina mwanamke. Nina woga."

Akaeleza yote, hata masimulizi ya karakanani. Mkewe akabaki na gauni mkononi.

"Kwa hiyo mafundi wa makochi wananijua kwa mambo ambayo mimi mwenyewe sijayaona?"

"Wanakuheshimu sana."

Alijikaza, akashindwa, akacheka. Kisha akalia kidogo, akasema kumbe miezi yote hii alidhani yeye ni mbaya wa sura. Akausogeza mzigo wa nguo pembeni, akaketi kando ya mumewe.

Simu ikaita. Shangazi alikuwa ameshapanda basi, akitaka kujua kama huyo bwana amemtaja mwanamke wake.

"Amemtaja, shangazi." Alikilaza kichwa cha mumewe mapajani. "Anamwogopa kuliko simba. Ni mimi. Shuka tu, urudi nyumbani."