Ulimi Ulioelekea Hospitali

Dalali alikuwa kitandani kwake akinywa uji, siku chache baada ya kupasuliwa ngiri, uji ukamtoka pembeni mwa mdomo ukachafua shuka. Mkewe akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa umepinda kulia.

"Hebu geukia ukutani," mkewe akasema. Akageuka, ulimi ukapinda kushoto. Kila alikogeukia, ulimi ulielekea hospitali.

Sasa dalali bila ulimi ni nini, jamani? Mtu aliyezoea kunadi makabati na vitanda kwa pumzi moja, leo akisema "kitanda" utadhani ana kiazi cha moto mdomoni. Alilia, kisha akajicheka.

Daktari wa neva alimpima huku akitafuna karanga. Kiharusi hakuna. Uvimbe hakuna, picha ni safi. Maambukizi hakuna.

"Ni neva ya ulimi peke yake, imebanwa," akasema. "Kwa kawaida ulimi huelekea upande uliolegea. Wako unaelekea kwa aliyeubana. Usihofu, kaka. Ikiwa ni kubanwa tu, wengi hupona baada ya miezi kadhaa."

"Aliyeubana ni nani?" mkewe akauliza.

Ulimi ukawapeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji, kwa mtaalamu wa dawa ya usingizi, aliyemlaza siku ya upasuaji. Wala hakuficha. Mpira wa kupumulia unaoingizwa kooni mwa mgonjwa una puto, nalo likijaa mno hubana neva; yeye hulijaza upepo kwa kukisia, akilibonyeza kwa vidole kama anachagua parachichi. Kipimo cha upepo kipo kwenye droo, ila kinachelewesha foleni.

Dalali alitaka jambo moja tu: kipimo kitoke kwenye droo, asije mwingine akapoteza riziki. Mganga mkuu wa hospitali alimsikiliza kwa heshima zote, akausifu ulimi. Wagonjwa walikuwa wakipotea mno pale njia panda ya kuja hospitali. Akampa kiti, mwavuli na mshahara, awe kibao cha kuwaelekeza.

Basi dalali akakaa njia panda, akatoa ulimi, watu wakaufuata. Watoto walimpenda kupita kiasi.

Miezi ikapita, ulimi ukanyooka. Alinadi vyombo vyote vya nyumbani kwa pumzi moja, mkewe akapiga vigelegele, majirani wakaja kuulizia bei. Furaha iliyoje!

Akaenda kurudisha mwavuli. Mganga mkuu akampongeza, akamwambia kuhusu kiti asijali. Pale njia panda alishakaa mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliyepasuliwa wiki iliyopita. Alikuwa ametoa ulimi, na watu walikuwa wakimshukuru na kupita.