Kofia Niliyoipunga Mapema

Mjane wa Bingwa alinikuta uwanjani nikipiga chokaa mistari ya wakimbiaji.

"Shemeji, siku hizi unaandika," alisema. "Niandikie ukurasa mmoja wa kumkumbuka. Mwenyekiti wa riadha naye atasema, na unajua atasema nini."

Nilijua. Angesimulia zile mbio za mita elfu kumi, Bingwa alipovuka mstari, akainua mikono, akajitupa kwenye nyasi huku kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia. Wenzake wanne walimpita, na nafasi ya kwenda mashindano makubwa ikaenda nao. Baadaye alishinda mara nyingi, na rekodi yake haijaguswa mpaka leo, lakini watu walishika lile moja tu. "Ana miguu, hana hesabu." Watoto walimwimbia binti yake hivyo njia nzima ya shule.

Jioni, darasa la watu wazima lilipokwisha, nilibaki kwenye dawati. Nilisali kwanza, nikiomba maneno mazuri. Nikapewa yale niliyokuwa nayakimbia.

Siku ya kumbukumbu ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alitangulia.

"Marehemu alikuwa na injini ya ndege, jamani, ila mshale wa mafuta ulikuwa mbovu!"

Watu walicheka. Mjane alitabasamu kama mtu anayeumwa jino. Kisha nikaitwa mimi, mtunza uwanja. Nilitoa karatasi, nikasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Bingwa hakuhesabu mizunguko. Alisema akihesabu, pumzi zinamtoroka. Kengele ya uwanja wetu ilikuwa na ufa, haisikiki kwenye kelele. Kwa hiyo mimi nilisimama kwenye kona ya mbali, na ukibaki mzunguko mmoja, nampungia kofia. Aliiamini kofia kuliko kengele.

"Ubao wa namba za mizunguko iliyobaki ulikuwepo, lakini sikujua kusoma, na kazini nilikuwa nimesema najua. Nilihesabu kwa punje za mahindi, nikizitoa mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Siku ile nilimwona anachoka. Nilifumba macho nikamwombea. Niliposema amina, sikukumbuka kama punje ya mzunguko ule nilishaihamisha. Nikahamisha nyingine. Ndiyo maana kofia iliwahi.

"Nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo nikilia. Akaniambia, 'Wakijua, watakuuliza kwa nini hukusoma ubao. Utafukuzwa. Nyamaza, ndugu yangu. Mimi nitakimbia tena.' Nikanyamaza miaka ishirini na sita."

Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Binti wa Bingwa alisimama katika safu ya mbele.

"Baba mdogo, ulikuwa unakula kwetu kila Jumapili."

"Nilikuwa nakula, mwanangu."

"Na mimi nikirudi shuleni ninalia, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukaniambia nini?"

"Nilikuambia nitakuombea."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mjane alimshika binti mkono amkalishe, lakini binti aliutoa taratibu, akapanda jukwaani. Nilidhani atanipiga, na Mungu ananijua, nisingeukinga uso. Alinyoosha kiganja akaomba karatasi.

"Bado kuna mistari sita," nilimwambia.

"Nimeiona. Kaa chini, baba mdogo. Unasoma kwa sauti ndogo, na waliosimama mlangoni hawakusikia kitu."

Nikakaa kwenye kiti alichokiacha, kando ya mama yake. Shemeji hakunitazama, ila alisogeza mkoba wake nipate nafasi ya miguu. Binti alikunjua karatasi, akasafisha koo. Hakuanzia nilipoishia. Alianza juu kabisa, kwa sauti iliyofika barabarani:

"Bingwa hakuhesabu mizunguko."