Perege Watano Waliopotea

Saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi, shemeji alichuchumaa ukingoni mwa bwawa akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko. Picha ilikuwa safi. Hata kiraka cha kaptula yake kilionekana.

Mama Maabara aliitazama mara tatu. Jina hilo alilipata kazini, miaka thelathini akikagua damu za watu kwa darubini. Bwawa lililo uani lilichimbwa na marehemu mumewe, na lilikuwa na perege kumi na mmoja. Sasa walibaki sita. Ndiyo maana alifunga kamera mtini, ile inayopiga picha yenyewe kiumbe akipita. Kwa siku tisa ilikuwa imenasa njiwa, paka wa jirani aliyekunywa maji akaenda zake, na shemeji, kila asubuhi.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu, fundi baiskeli, na tangu msiba aliishi chumba cha uani. Hakuwa na pengine pa kwenda. Mama Maabara alilijua hilo, lakini kikulacho ki nguoni mwako.

"Shemeji, asubuhi unatafuta nini bwawani?" alimuuliza wakinywa chai.

"Natoa majani kwenye pampu. Yanaziba."

"Kila siku?"

"Majani hayana Jumapili, shemeji."

"Na perege watano?"

Akacheka. "Kwani mimi paka?"

"Paka nimemwona. Hakuchukua kitu." Akamsogezea picha.

Kicheko kikakatika. "Umeniwekea kamera?"

"Nimeliwekea bwawa. Dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu mengine hupita tu. Mkono umeuona, samaki mkononi umemwona?"

Hakumwona. Hata hivyo alisema alichokusudia: ifikapo Jumamosi, chumba kiwe wazi.

"Nyumba ni yako," shemeji alijibu, akaosha kikombe chake na kwenda kazini.

Alhamisi mchana jambo moja likamkereketa. Maabarani hakuwahi kusoma sampuli kabla ya kukijaribu kifaa. Hii kamera hakuijaribu hata mara moja. Akapitisha mkono mbele yake: ikapiga. Akafunga kamba kwenye kiatu cha mpira kilicholowa, akakivuta ukingoni mwa bwawa taratibu, mara sita. Haikupiga hata picha moja. Kumbe ilishtuka kwa joto tu. Chochote kilichotoka majini kikiwa baridi kama maji yenyewe kilipita bila kuonekana.

Shemeji alirudi jioni. Mama Maabara alimsikia akifungua mlango wa chumba chake, lakini hakumwambia neno. Jaribio si ushahidi. Aliitega upya kamera ipige kila dakika, apite mtu asipite, na Ijumaa asubuhi akaenda sokoni.

Aliporudi alizifungua picha jikoni, moja baada ya nyingine, hata kikapu hajakitua.

Saa tatu na dakika kumi na nne, kenge alitoa kichwa kwenye bomba la kuingizia maji. Dakika iliyofuata alikuwa ukingoni, amelowa, na mkia wa perege ukining'inia mdomoni.

Aliendelea kufungua.

Saa tatu na dakika arobaini na moja, shemeji alipita nyuma ya bwawa akisukuma baiskeli, godoro limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Hakuitazama kamera.

Saa tatu na dakika arobaini na tatu, geti lilikuwa limefungwa na uani hapakuwa na mtu.