Ushahidi wa Marehemu Bibi

Shauri la msitu lilipoitwa, Fundi alikuwa kwenye benchi la nje akifumua upindo wa sketi ya shule, pini zimebanwa katikati ya midomo. Alikuwa amejifunza kwenda mahakamani na kazi mkononi. Ukienda mikono mitupu, mahakama inakula siku yako nzima na haikuachii hata mfupa. Alizichomeka pini kwenye ukosi wa gauni, akaikunja sketi, akaingia.

Alikuwa shahidi wa kwanza upande wa wanakijiji. Kampuni ya kokoto ilikuwa imepewa kibali cha kuchimba mlima ulio juu ya nyumba zao. Mlimani kulikuwa na msitu, na kwenye mizizi ya msitu huo ndiko ilikotokea chemchemi iliyonywesha bonde zima. Fundi alieleza alivyofundishwa na bibi yake: kwamba maji yale yanakaa kwa sababu ya kivuli; kwamba ipo miti ambayo magome yake hutoka jasho kiangazi, na palipo na mti wa namna hiyo shoka halipiti; kwamba ukitaka kujua maji yameelekea wapi unalaza sikio ardhini asubuhi, kabla ndege hawajaanza kelele zao. Alisema yote bila kujikwaa. Bibi alikuwa akimsaili njiani walipokwenda kuteka maji, na alipokosea alirudishwa nyuma na ndoo tupu.

Wakili wa kampuni alisimama. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Haya yote umeyaona mwenyewe, mama, au umeambiwa?"

"Niliambiwa na bibi yangu."

"Na bibi yako yuko wapi, tumuulize?"

"Amefariki."

"Pole sana," alisema wakili, na alionekana kusikitika kweli. Kisha akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, naweka pingamizi. Huu ni ushahidi wa kusikia."

Jaji alikubali. Alisema mahakama haiwezi kupokea maneno ya mtu ambaye hayupo kuhojiwa. Kama upo uwezekano wa kumleta mwenye maneno, aletwe. Kama haupo, sehemu hiyo itafutwa. Shauri likaahirishwa.

Jioni, Fundi alipitia kaburini. Bibi alizikwa palepale msituni, hatua chache juu ya chemchemi, kwa kuwa alisema hataki kupelekwa mahali ambapo hajui majirani. Fundi aling'oa magugu, akafagia majani, akamweleza yaliyotokea, kama mtu anavyomweleza mkubwa wake madhila ya kutwa. "Wanasema mpaka uje mwenyewe," alisema. Akajifunga khanga vizuri, akashuka nyumbani kupika.

Asubuhi alimkuta bibi amekaa kwenye kigoda jikoni, ameegemea ukuta, amenyoosha miguu. Alikuwa na sanda yake na udongo kidogo kwenye nywele. Chini ya nyayo zake palikuwa na dimbwi dogo la maji safi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu yuko wapi?"

Mume wa Fundi, ambaye alitengeneza baiskeli pale barabarani, alichungulia mlangoni na mswaki mdomoni, akaamkia, akaenda kumtafutia mkwewe gauni kwenye sanduku. Alipotoka kwenda kazini alisema tu kwamba yeye atahamia kwenye kochi, maana mgeni hawezi kulala sebuleni.

Siku ya shauri walikwenda wote watatu. Karani wa mahakama alimtazama bibi, akatazama sakafu iliyolowa nyuma yake, akaomba kitambulisho.

"Sina," alisema bibi. "Mlikichukua mlipoandika kwamba nimekufa."

"Basi hawezi kuapishwa."

Wakili wa kijiji, mwanamke mwenye mafua yasiyopona ambaye alikuwa ameifanya kesi hiyo bila malipo hadi nduguze wakaacha kumuuliza habari zake, alifungua mkoba akatoa cheti cha kifo. Alikiweka mezani. Karani alikigeuza huku na huku. Kilikuwa na jina kamili na muhuri wa serikali, na herufi zote zilisomeka. Alikubali kwamba kinamtambulisha mwenyewe bila shaka yoyote. Lakini kufikia hapo jaji alikuwa ameitwa kwenye semina, na shauri likaahirishwa.

Mara iliyofuata faili lilikuwa halionekani. Likaahirishwa. Mara nyingine umeme ulikatika, na mpiga chapa akasema hawezi kuandika gizani. Mara nyingine wakili wa kampuni aliomba muda wa kuwasiliana na wateja wake, akapewa. Kila mara bibi alioga, akavaa gauni la kijani ambalo Fundi alimpunguzia mabega, akaketi kwenye benchi la nje tangu milango inafunguliwa. Mfagizi wa mahakama alilalamika juu ya nyayo za maji kwenye korido. Watu watateleza, alisema, na lawama zitamwangukia yeye. Fundi akawa anakuja na tambara lake mwenyewe.

Wakili wao aliomba zuio la muda, ili mashine zisimame wakati shauri likisikilizwa. Ombi lilipokelewa vizuri. Likapigwa muhuri, likapangiwa tarehe, tarehe ikasogezwa. Mlimani mashine hazikuwa na tarehe. Asubuhi misumeno ilianza kabla ya jogoo, na mchana malori yalishuka na magogo, yakipita mbele ya banda la mume wa Fundi na kumwachia vumbi kwenye grisi.

Bibi hakuwa mgeni mzito. Hakula, ila alipenda sahani iwekwe mbele yake, asionekane kama ametengwa. Alimfundisha Fundi mshono mmoja wa zamani, akamkosoa kwa mingine yote. Tatizo lilikuwa uchovu. Alikuwa amepumzika miaka mingi, na mtu aliyezoea kupumzika akiamshwa hana nguvu ya kungoja.

"Kufa nilikuwa nimekuzoea," alisema siku moja, Fundi akimchana nywele. "Kule hakuna mtu anayekwambia rudi mwezi ujao."

"Urudi basi, bibi. Tutasema umeshindwa."

"Nikirudi bila kusema, nilikuja kufanya nini? Kupunguzwa mabega?" Akainamisha kichwa, kisogo kichanwe. "Na ukishapita ile njia mara mbili, sidhani wanakufungulia ya tatu."

Fundi alikuwa ameanza kuona jambo ambalo hakumwambia mtu. Tambara alilobeba mahakamani lilikuwa linarudi halijalowa sana. Siku za mwanzo alilikamua mara kwa mara kwenye ndoo ya mfagizi. Sasa alipangusa korido nzima na bado lilikuwa na unyevu tu. Kisigino cha bibi kiliacha alama, vidole havikuacha. Alimtazama bibi akivuta miguu, akakunja tambara, akaliweka kwenye mkoba.

Hatimaye siku ikafika ambayo jaji alikuwepo, faili lilikuwepo, umeme ulikuwepo na hakuna wakili aliyeomba kitu. Watu wa kijiji waliokuwa wamekata tamaa ya kuja hawakuwemo. Waliokuwepo walikuwa wachache, na mmoja wao alisinzia. Bibi alipanda kizimbani. Wakili wa kampuni ndiye aliyemshika kiwiko kwenye ngazi ya kizimba, maana ilikuwa ndefu.

Aliapa kusema kweli. Akaulizwa na wakili wa kijiji anajua nini kuhusu chemchemi.

"Nilipokuwa msichana," alisema bibi, "watu walikata miti ya juu. Hatukulazimishwa na mtu. Tulitaka mbao. Mama yangu aliwakataza, wakamwambia ana wivu kwa kuwa nyumba yake ni ndogo. Maji yakakaa mwaka ule, wakamcheka. Mwaka wa pili yakaondoka. Maji ni mgeni mwenye haya. Ukimwondolea kivuli hagombani na wewe. Anaaga kimoyomoyo, unakuja kukuta kitanda kimetandikwa."

"Mkafanya nini?"

"Tulipanda. Tulibeba maji kutoka mbali tukamwagilia miche, sisi wenyewe tukioga kwa kikombe. Nilipanda nikiwa msichana, nikaolewa, nikazaa, nikazika mtoto, ndipo yaliporudi. Yalirudi kidogo, kama mtu anayechungulia aone kama bado mnagombana. Ndiyo maana tukaweka masharti. Haya anayoyasema mjukuu wangu ni masharti. Hatukuyaota."

Mpiga chapa aliandika. Jaji naye aliandika, kwa mkono.

Wakili wa kampuni alisimama kuhoji. Alianza kwa kumshukuru kwa kufika.

"Bibi, ulifariki zamani kidogo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hali ya maji ya sasa huijui. Unajua ya wakati wako."

"Nilipokuwa hai niliyajua kwa juu tu," alisema bibi. "Tangu nimezikwa nayajua kwa chini. Yalikuwa yakinipita mgongoni."

"Yalikuwa?"

Bibi alitazama miguu yake. Fundi, aliyekuwa kwenye kiti cha pili, alitazama pia. Sakafu ya kizimba ilikuwa kavu.

"Yalikuwa," alisema bibi.

Wakili hakuwa na swali jingine. Alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Hukumu ilisomwa baada ya msimu wa mvua ambayo haikunyesha. Jaji aliisoma kwa sauti ya kawaida, kurasa nyingi. Alisema shahidi aliyefariki alikuwa mkweli, mwenye kumbukumbu na asiye na sababu ya kudanganya, kwani hakuwa na chochote cha kufaidi duniani. Alisema ujuzi wa wazee kuhusu ardhi yao ni ushahidi halali, na mahakama nyingine zitafanya vema kuuzingatia. Aliamuru kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mti wowote utakaokatwa katika msitu ule. Wanakijiji wakashinda.

Wakili wa kampuni alivuka chumba akampa mkono wakili wa kijiji, akampongeza kwa dhati. Wakili wa kijiji alipiga chafya. Aliyekuwa amesinzia aliamshwa akaambiwa wameshinda, akauliza wameshinda nini.

Kampuni iliitii hukumu kikamilifu. Haikukata mti hata mmoja baada ya siku ile, kwa kuwa mti wa mwisho ulikuwa umeangushwa wiki ileile bibi alipotoa ushahidi. Kibali cha kokoto kilihusu mawe, na hukumu ilihusu miti, na mawe yaliendelea.

"Haya," alisema bibi walipotoka nje. "Kazi yangu imekwisha. Nisindikizeni."

Walipanda mlima polepole, Fundi na mumewe wakimshika huku na huku. Juu, walipofika mahali pa kaburi, hapakuwa na mahali. Palikuwa na shimo, refu na jeupe, lenye kuta zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu, na chini yake lori lilikuwa linapakia. Pale chemchemi ilipokuwa ikitokea palikuwa na bomba la plastiki lililochomoza bila kutoa kitu. Mlinzi mwenye kofia ya chuma aliwafuata akawaambia sehemu hiyo ni hatari, watu hawaruhusiwi bila viatu maalumu.

"Nilikuwa nimelazwa hapo," bibi alimwambia, akionyesha hewani, juu ya lori.

Mlinzi alitazama alipoonyesha. "Mimi nimeletwa juzi tu, bibi," alisema. "Labda uwaulize waliotangulia."

Bibi alisimama ukingoni, upepo ukipeperusha gauni la kijani. Hakulia, maana hakuwa na maji ya kulilia. Baadaye alisema miguu inauma, wakarudi.

Kesho yake Fundi alikwenda kwa karani kufungua shauri la kaburi. Karani alikuwa mwema kwake kwa sababu walikuwa wamefahamiana. Alieleza taratibu, akaeleza tena. Marehemu anaweza kuwa shahidi. Hilo sasa limeshaamuliwa, lipo kwenye hukumu. Lakini marehemu kuwa mlalamikaji bado hakuna sheria. Na ndugu hawawezi kudai kaburi ambalo mwenyewe hayumo.

"Aliitwa na mahakama," alisema Fundi. "Asingeitwa asingetoka."

"Naelewa, dada yangu," alisema karani. "Lakini alitoka kwa hiari."

Kwa hiyo bibi alibaki. Mume wa Fundi aliacha kusema "nitakaporudi chumbani" akatengeneza kitanda kwa vyuma vya baiskeli, akakiweka sebuleni, akakijaribu kwa kukirukia. Sahani ya bibi ikapata mahali pake kabatini. Watoto wa jirani walikuwa wakija kuuliza kama ni kweli amekufa, akawaambia ndiyo, na kwamba wakimaliza kuuliza wamshikie uzi.

Kampuni ya kokoto, kwa kuwajali majirani zake, ilianza kuleta maji kwa lori kila baada ya siku kadhaa. Lori lilisimama karibu na banda la baiskeli, na foleni ilianza kupangwa mapema. Bibi alikwenda na Fundi, kila mmoja na ndoo yake, ijapokuwa yeye hakunywa. Alisema nyumba ina matumizi.

"Bibi, pita mbele," mwanamke mmoja alimwambia, akisogeza ndoo zake kumpa nafasi. "Wewe ni marehemu. Si vizuri usimame na sisi juani."

"Ahsante, mwanangu, nitangoja," alisema bibi.

Foleni ilisogea hatua moja, ikasimama. Kule mbele mtu alikuwa anabishana na dereva kuhusu ukubwa wa ndoo. Bibi aliigeuza ndoo yake kifudifudi, akaikalia.